Jina Alilokitajia Kichaka

Jua lilikuwa linatua Hadidja alipofika kwenye miamba ya wavuvi Wagenia, mtoni, kumchumia mwanawe majani ya kichaka cha dawa. Siku ya tatu hiyo Nassoro alikuwa anachemka homa, na mjini hapakuwa na daktari tangu waasi wa Simba waingie.

Kichaka chenyewe kiko pale tu, juu ya maporomoko. Watu wa Banalia walijaribu kukipanda kwao, kikafa. Maua yake meupe hufunguka jioni, na sharti lake kila mvuvi analijua: kabla hujachuma, taja jina lako. Lako, si la mwingine, maana anayetajwa ndiye anayepewa majani.

Na Hadidja, maskini, miezi miwili alikuwa anaishi kwa jina la marehemu dada yake. Mumewe, Lukumani, alikuwa karani wa serikali. Simba walishamuua, na jina la mjane wake lilikuwa kwenye orodha yao. Kila kizuizi alijiita Zaina. Ulimi ulishazoea.

"Ni miye Zaina," akanong'ona, akachuma.

Maporomoko yakanyamaza.

Kimya... Halafu harufu ya kafuri, ileile waliyomwoshea Zaina.  Hadidja akafungua kinywa ajisahihishe, akasikia Simba wakicheka barabarani, karibu. Akalimeza jina lake. Jamani, wewe ungelitaja?

Alipotazama kiganja, majani hayakuwemo.

Akakimbia. Njia ya kurudi ilikuwa moja, na kizuizi kilikuwa katikati yake. Mpiganaji wa Simba mwenye majani kichwani, hirizi yao, akainua taa.

"Jina yako?"

"Zaina."

Yule mtu akarudi nyuma hatua moja.

"Zaina ameshapita, mama. Sasa hii. Uso ni hii hii. Alibeba majani, akasema anaenda kunywesha mutoto."

Hadidja akatazama nyuma ya kizuizi. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka pale. Mlango aliouacha wazi kwa ajili ya upepo ulikuwa unafungwa polepole, kutoka ndani. Na ndani alikuwamo Nassoro peke yake, asiyeweza hata kukaa.

"Alors, basi, wewe iko nani?" mpiganaji akauliza, akitoa karatasi ya orodha mfukoni.

"Hadidja," akasema, kwa sauti ya kufika mtoni. "Bibi ya Lukumani. Munifunge kesho. Leo munifungulie ule mulango."

Nyuma yake maporomoko yakaanza kunguruma tena.

Mlango haukufunguka.