Ng'ombe Aliyevaa Maua

Tope la soko la Kitshanga siku hiyo lilikuwa la kumeza askofu na fimbo yake. Émile, motari wa kubeba abiria kwa pikipiki, mwenye koti jekundu la ngozi, alilikata kwa mwendo wa kujionyesha, akamrushia dada mmoja aliyebeba beseni la jibini. Kitenge chake cha njano kikageuka ramani.

"Kaka, ulijifunzia kuendesha ku mbuzi?"

"Pardon, dada. Nitanunua jibini yote."

"Na kitenge?"

"Na kitenge. Na mwenye kuivaa, kama tunapatana."

Dada huyo, Kayitesi, alitaka kukasirika, kicheko kikamtoroka. Jumapili iliyofuata Émile akapata wito wa ghafla wa kuhamia kanisa lake.

Kanisa hilo lilikuwa na utaratibu wake. Pasteur Théoneste alikuwa amechoka kuona watu wa ng'ombe wakikaa kushoto na watu wa mashamba kulia, kama timu mbili zinazongoja filimbi. Akagawa urafiki kama anavyogawa zamu za kufagia: nyumba ya ng'ombe na nyumba ya shamba, wale pamoja kila mwezi. Papa Bayingana, babake Kayitesi, alipewa Damascène, kijana wa viazi mwenye sauti ya besi inayotikisa mabati. Émile, mtoto wa mashamba ya ndizi, hakupewa mtu, lakini alijialika kwa Bayingana mwaka mzima, akanywa maziwa ya kutosha kuogesha ndama. Kilichomkera kilikuwa kimoja tu: Damascène akisimulia kichekesho kisicho na chumvi, Kayitesi anacheka.

Jumamosi moja akapiga simu.

"Allo, Kayi wangu. Nikuje kukuchukua?"

"Leo hapana, chéri. Tuko na wageni."

"Wageni gani?"

"Ni mambo ya papa na Damascène. Nitakuelezea... maziwa inamwangika!"

Simu ikakatika. Damascène! Émile aliwasha piki, akapanda kilima mpaka mbele ya boma la Bayingana, akajificha nyuma ya mikaratusi.

Damascène alikuwa anakuja kwa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, akiswaga mtamba mwekundu aliyevishwa maua shingoni. Wanawake walipiga vigelegele. Kayitesi, katika mushanana mweupe uliofungwa begani, akampa maziwa kwa mikono miwili. Kwao Émile, mwanaume akivaa suti na kupeleka ng'ombe kwenye nyumba yenye binti, hakuna anayeuliza maana.

Akaifunga namba ya Kayitesi. Siku tatu hakuimba, hakubeba abiria mnene wala mwembamba. Aliwekewa viazi, akaviona vyote vina sura ya Damascène, akavisukuma mbali.

Siku ya nne Kayitesi akamfuata mwenyewe kwenye kituo cha piki.

"Émile! Namba yako imekufa, ao ni wewe njo umekufa?"

"Muke wa mutu hatafutake mwanaume mwingine."

"Muke wa nani?"

"Wa Damascène! Ng'ombe niliiona na macho yangu, ilipendeza kukushinda."

Motari wengine wakazima injini ili wasikie vizuri. Kayitesi akacheka mpaka akashika usukani wa piki ya watu. Halafu kicheko kikaisha.

"Miaka tatu sasa, papa alimupatia Damascène ng'ombe ya urafiki. Ikizaa, mutoto jike wa kwanza unamurudishia mwenye alikupa, na vigelegele, juu urafiki usikufe. Ile ilikuwa ndoa ya wale wawili, haiko yangu!"

"Sikujua, Kayi."

"Ungejua namna gani? Mwaka muzima unakulaka kwetu, hujauliza hata siku moja ng'ombe inatoka wapi, inaenda wapi. Unaniangaliaka mimi tu. Papa aliniuliza mbele ya wageni wote: 'Na ule wa piki, anatafuta nini hapa?' Nikakimbilia jikoni. Dimanche, tukitoka kanisani, shangazi anatoka Ngungu na bwana mwenye amenichagulia. Basi mimi nimesema."

Akaondoka bila kugeuka.

Jioni hiyo hiyo Émile akasimama mbele ya Papa Bayingana, mikono mitupu.

"Jambo, Papa."

"Jambo, motari. Unatafuta nani?"

"Wewe, Papa. Nimekuja kuuliza."

"Kuuliza nini?"

Maneno yote ya kuposa yakamkimbia. Ng'ombe walikuwa wanaingia bomani mmoja mmoja.

"Majina... majina ya ng'ombe, Papa."

Mzee akavuta kiti cha pili, akaanza. Alitaja ng'ombe, mama zao na nyanya zao, hata yule aliyetembea peke yake kutoka Kirolirwe kwa kumpenda fahali. Émile akakosea, akasahihishwa, akarudia.

"Kumi na tisa," akasema hatimaye. "Imeisha, Papa?"

"Bado moja."

"Iko wapi?"

"Haijafika. Wewe njo utaileta, mbele ya dimanche."

Émile akahesabu tena kwa vidole: wa ishirini alikuwa wa mahari.

"Na... jina yake, Papa?"

Sauti ya Kayitesi ikatoka jikoni:

"Wivu! Na usimutafutie kamba, anajifungaka mwenyewe!"