Nafasi ya Kidole Gumba

Duka la viatu lilifurika siku hiyo kwa sababu ya punguzo la bei, watu wakipigana vikumbo kana kwamba viatu vinagawiwa bure. Katikati ya vurugu hiyo, msichana mmoja mwenye gauni la kijani, koti jeupe la kazini likining'inia mkononi, alinyakua raba za waridi akazikumbatia.

"Hizo zitakutegua mguu, dada yangu," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, fulana nyeusi imembana mabega, filimbi shingoni. Macho yake yalikuwa yanacheka.

"Kwani wewe ndiye muuzaji?"

"Hapana. Mimi ni mwalimu wa aerobiki, nimekuja kutafuta zangu. Wewe unataka za nini?"

"Za hiyo hiyo aerobiki. Nasimama kutwa kwenye duka la dawa, mgongo umekufa ganzi."

"Basi hizo ziache. Hizo ni za kukimbia, zinataka kwenda mbele tu. Sisi tunaruka ubavuni, tunageuka, tunatua." Akachukua raba nyeusi zisizo na mvuto wowote, akabonyeza kisigino, akaikunja soli. "Ona, inakunjika hapa penye vidole, siyo katikati. Pembeni imeshika. Unavaa namba ngapi?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Msichana huyu alivaa namba arobaini na moja. Kaka zake walimwita Makasia tangu utotoni, na hadi leo hakuna mwanamume aliyewahi kuiona miguu yake mitupu.

"Thelathini na tisa," akasema.

Raba zikaletwa. Akausukuma mguu ndani huku ameuma meno. Kijana akapiga goti, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, kama anavyomfanyia kila mwanafunzi mpya.

"Mbele lazima ibaki nafasi ya kidole gumba," akaeleza.

Ndani ya kiatu, msichana akavikunja vidole. Nafasi ikapatikana.

"Safi. Ruka kidogo nione."

Akaruka, akatabasamu. Mjinga gani hufanya hivyo? Mjinga aliyependa, basi, na wa aina hiyo tunawajua wengi.

Baada ya wiki chache msichana alishajiunga na darasa la kijana yule, anaitwa Dawa, naye anamwita Kocha. Darasani alipangiwa mstari wa mbele. Muziki ukipigwa, Kocha alimtazama yeye kwanza, na Dawa aliruka huku kila mruko ukimchoma hadi kwenye nyonga. Akitoka hapo, simu haikawii.

"Dawa, umefika?"

"Nimefika, Kocha wangu."

"Mbona unahema?"

"Ngazi tu, mpenzi."

Hazikuwa ngazi. Alikuwa anabandua soksi iliyogandia kwenye kucha. Kucha mbili zilikuwa zimeshakuwa nyeusi, ya tatu inacheza. Kazini aliwauzia watu plasta na kuwaonya wasidharau vidonda, halafu akajifungia stoo kufunga vya kwake. Alishafikiria kununua raba kubwa zaidi, lakini Kocha alikuwa na desturi ya kukagua viatu vya darasa zima, anafunua ulimi wa kiatu, anasoma namba, anabonyeza. Angemwambia nini? Kila wiki iliyopita iliufanya uongo ule mdogo uwe mgumu zaidi kuutamka, na usingizi ukaanza kumpaa.

"Jumapili twende tukatembee," Kocha akamwambia siku moja.

"Nimechoka, mpenzi. Tukae tu."

"Kila siku umechoka. Dawa, nimekukosea?"

"Hujanikosea. Acha hizo."

Kocha hakuziacha. Naye alianza kulala na wasiwasi wake.

Kisha Kocha akamwalika kwa mama yake. Dawa alishona gauni jipya la rangi ya zabibu, akasuka nywele, akavaa viatu vya kufunika. Mlangoni wakakuta jozi za viatu zimepangwa ukutani. Ndani, zulia jipya la rangi ya maziwa limetandazwa ukuta hadi ukuta, na mama amesimama na kitambaa cha meza mkononi, anatabasamu.

"Karibu, mwanangu. Vueni viatu muingie, zulia lenyewe ndiyo kwanza limefika."

Dawa akaitazama miguu yake. Mle ndani kulikuwa na plasta zenye damu, kucha zilizokufa, na yale makasia.

"Mama, samahani," akasema. "Nimeitwa kazini."

"Saa hizi? Simu haijalia," Kocha akasema.

"Nimeitwa tu." Akageuka, akashuka ngazi akichechemea.

Simu ya jioni ile ilikuwa fupi.

"Mama ameuliza kama nyumba yetu inanuka."

"Kocha, siyo hivyo."

"Basi ni vipi? Ameshinda jikoni tangu asubuhi kwa ajili yako. Niambie ilivyo."

Dawa akafungua mdomo. Namba ile ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, ndogo, ya kipuuzi, na kadiri ilivyokuwa ya kipuuzi ndivyo alivyoona aibu kuitamka.

"Sawa," Kocha akasema. "Kama hunitaki, ungesema mapema." Akakata.

Hakupiga tena. Dawa aliangalia simu kwenye kaunta, akampa mteja dawa ya maji ya kikohozi badala ya dawa ya macho, akakimbilia kumrudisha. Dada yake mkubwa ndiye aliyefumania vidole vile, alipoingia bafuni bila kubisha.

"Mungu wangu. Nani kakufanya hivi?"

"Mimi mwenyewe."

Akamweleza yote. Dada akakaa ukingoni mwa beseni, kwanza akacheka mpaka akatokwa machozi, halafu akayafuta.

"Mdogo wangu, huyo mtu anakupenda au hakupendi, hujui. Kwa sababu hujampa nafasi ya kujua anampenda nani. Vaa kandambili uende."

Akaenda hivyo hivyo, vidole nje. Kocha alikuwa peke yake kwenye ukumbi wa mazoezi, anakunja mikeka. Alipomwona, uso wake ukaganda. Kisha macho yakashuka miguuni.

"Nini hiki?"

"Navaa arobaini na moja," Dawa akasema. "Siku ile dukani nilikunja vidole. Kwa mama sikuweza kuvua. Sikuitwa kazini."

Kocha alikaa sakafuni. Akaushika mguu wa Dawa kwa uangalifu, akazitazama kucha moja baada ya nyingine.

"Na mimi nilikuwa nakupigia kelele uruke juu zaidi," akasema. "Mbele ya watu wote."

"Hukujua."

"Sikujua kwa sababu ulinificha." Aliinua uso, macho yamelowa, na hayakuwa yanacheka. "Mguu tu umenificha, Dawa. Siku tukipata shida ya kweli, utanificha nini?"

Dawa akaketi sakafuni mbele yake.

"Naogopa. Kila siku naogopa utaniona vizuri, halafu uondoke. Bado naogopa hata sasa."

Kocha akaushusha mguu wa Dawa taratibu. "Nakupenda," akasema. "Lakini kwa mama sikusemei. Hilo utamwambia mwenyewe."

Wakaenda. Mama alifungua mlango, safari hii bila tabasamu. Dawa akavua kandambili. Akasimama pale kizingitini na miguu yake mipana, plasta na kucha nyeusi, akasema yote kwa pumzi moja: namba, uongo, simu ambayo haikulia.

Mama aliitazama ile miguu kwa muda mrefu. Kocha naye alisimama pembeni.

"Miguu itapona," mama akasema. "Mimi uliniacha na meza imeandaliwa, nikalala nikijiuliza mwanangu kamleta mtu wa namna gani. Hilo bado linaniuma."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Sijamaliza kukasirika."

"Nitasubiri hapa."

Mama akahema, akasogea upande mmoja wa mlango.

"Subiri ndani," akasema.