Kilio cha Binti Radi

Maoni yaliyomfanya aache kutafuna yalikuwa mafupi: *Nimeitika, Binti Radi.*

Aliyapita. Kwenye kituo cha televisheni walimwita Chujio kwa sababu kazi yake ilikuwa kusoma maoni ya watazamaji wakati tamthilia ikiwa hewani, kufuta matusi, kujibu maswali, kisha kumwandalia bosi muhtasari wa kilichopendwa na kilichochukiwa. Jioni ile kilikuwa kinarushwa kipindi cha kwanza cha msimu mpya wa *Binti Radi*, na maoni yalimiminika kama maji ya bomba lililopasuka. Yule mwanamke anayerusha radi kwa viganja hakuwa ameonekana mwaka mzima, na mashabiki wake walikuwa na mengi vifuani.

*Vazi jipya limembana, huyo atarukaje?*

*Msimu uliopita mlituacha juu ya ghorofa linaloanguka, leo mnatuanzia jikoni. Mnatuona watoto?*

*Adui ana meno kama reki. Nimejitahidi kumwogopa, nimeshindwa.*

Mwanzoni Chujio alicheka peke yake. Kisha likaja tukio la moto: Binti Radi yuko nje ya mlango wa chuma, kaka yake amenaswa ndani, moshi unapita chini ya mlango. Nguvu zote zimemwisha. Anabaki na sauti tu. "Uko wapi? Nifungulie!"

Maoni yakasimama.

Hapo ndipo watu walipopaswa kupiga mayowe. Chujio alikagua mtandao, ulikuwa mzima. Akakagua tena, maana hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kukitazama mara moja. Kisha yakaanza kushuka, moja baada ya jingine, bila haraka.

*Nimeitika, Binti Radi.*

*Niko hapa.*

*Ameniita kwa jina la utotoni. Hata mume wangu halijui.*

*Nani amerekodi kile kilio? Nataka kukisikia tena.*

Kilio kile Chujio hakukisikia, maana huzima sauti ili asome, lakini mswada wa kipindi hicho alikuwa ameuhakiki mwenyewe, neno kwa neno. Katika kilio kile hapakuwa na jina la mtu.

"Wameitika!" Bosi alisema nyuma yake, kikombe cha chai mkononi, furaha imemtanda usoni. "Umeona? Hilo ndilo neno la kuweka kwenye tangazo."

"Bosi, wanasema wanaitwa majina."

"Ni mashabiki hao. Wakipenda kitu huwa wanarukwa na akili. Tuombe warukwe zaidi."

Chujio alipofika nyumbani alimkuta mdogo wake, Kitinda, amelala ameukabili ukuta, mabegani amejifunga ile shuka ya bluu ambayo tangu msimu wa kwanza ilikuwa joho lake la Binti Radi. Umeme ulikuwa umekatika upande wao wa mtaa. Mapema jioni Kitinda alikuwa amemwandikia kwamba amenuna, dunia haina haki, na kwamba angeangalia marudio kesho alasiri. Tangu mama yao afariki walikuwa wawili tu, na Chujio alikuwa dada, mama na askari wa zamu kwa pamoja. Kila siku Kitinda akirudi kutoka shuleni hakubisha hodi. Alisimama nje na kulalama, "Dada, fungua bwana, miguu inaniuma," akiivuta ile *bwana* kama mpira, na Chujio akimjibu, "Nakuja, malkia!"

Asubuhi aliondoka bila kumwamsha.

Kazini, maoni yalikuwa yamebadilika.

*Nimeamka sina sauti. Si mafua. Nafungua mdomo, hakitoki kitu.*

*Mke wangu ni mwalimu. Amerudi nyumbani analia, na kilio chenyewe hakina mlio.*

*Mimi ni mpiga mnada sokoni. Leo nauza kwa vidole, mnaona mambo hayo?*

Chini ya hilo la mwisho watu walikuwa wamecheka sana. Chujio hakucheka. Alirudi kwenye maoni ya jana akawatafuta mmoja mmoja, na kila aliyelalamika leo alikuwa ameitika jana. Alitafuta hata mmoja wa kuivunja hesabu hiyo, akatafuta tena, akamkosa. Akainuka kwenda chumba cha sauti.

Chumba hicho hakikuwa na dirisha. Kuta zake zilivikwa sponji nene, na mtu akiingia alisikia damu ikipita masikioni mwake. Fundi wa sauti, ambaye wote walimwita Mkasi, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta bila kugusa kitu. Palikuwa na harufu ya pipi za kifua, zile kali za kufungua koo, na chini yake harufu nyingine, kama ya nywele zilizopitiwa na moto.

"Fundi, kile kilio ni cha nani?"

"Funga mlango kwanza."

Aliufunga. "Ni cha yule dada mpya anayemtia sauti Binti Radi?"

"Dada mpya hajui kulia. Analia kama mtu anayeulizia choo." Mkasi hakutabasamu. "Nilimwambia Bosi tumpe siku chache. Akasema kipindi lazima kitoke. Nikachukua cha zamani."

"Cha Chiriku?"

Mkasi aliinamisha kichwa.

Chiriku ndiye aliyekuwa sauti ya Binti Radi misimu yote iliyopita. Alikuwa mwembamba, mcheshi, daima ana pipi ya kifua shavuni, na kifua hichohicho ndicho kilichomuua kabla ya msimu huu. Siku yake ya mwisho studioni alikuwa amewaambia, "Nikiondoka tafuteni mtu mwingine. Msinifukue kwenye mashine." Walicheka wote. Chujio naye alicheka.

"Kwenye kipindi cha zamani Binti Radi alikuwa akimwita baba yake," Mkasi alinong'ona. "Hapa anamwita kaka. Kwa hiyo nikakata lile neno 'baba', nikaacha pengo. Nikasema muziki utaliziba. Sasa hebu tazama."

Kwenye skrini sauti ilichorwa kama safu ya vilima. Mahali pa pengo mstari ulipaswa kuwa bapa, lakini ulikuwa umevimba, na walipoutazama uliendelea kuvimba taratibu, kama tumbo la kitu kinachopumua usingizini.

"Futa."

"Nimefuta tangu asubuhi. Nafuta, nageuka, nakikuta. Na kwenye marudio ya alasiri kimeshajipanga chenyewe." Alivaa hedifoni kumwonyesha, akabofya. Chujio aliona macho ya Mkasi yakilainika kama ya mtoto aliyeitwa kula, midomo yake ikaachana, na kabla neno halijatoka alimrukia akamziba mdomo kwa kiganja, wakabaki hivyo, yeye akihisi pumzi ya mwanamume huyo ikihangaika kati ya vidole vyake mpaka kilio kilipokwisha.

"Alikuwa bibi yangu," Mkasi alisema baadaye, akivua hedifoni. "Ameniita jina alilonipa yeye."

Chujio aliwaza juu ya marudio, na juu ya Kitinda mbele ya televisheni na shuka yake ya bluu. Alimwandikia: *Usiangalie marudio. Nitakueleza.* Jibu lilikuja upesi: *Sawa dada.* Si kawaida ya Kitinda kukubali kitu bila ubishi, lakini Chujio hakuwa na nafasi ya kulifikiria hilo. Alikuwa ameshaanza kumpigia simu mama yake Chiriku.

Mama huyo alikuwa mshonaji, na alikuja na utepe wa kupimia bado umemning'inia shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmemfanya nini binti yangu?"

Walimweleza. Hakuna aliyethubutu kumtazama. Aliposikia yote akazungusha utepe kwenye kidole.

"Kwa hiyo hamkuomba ruhusa kwake, wala kwangu."

"Hatukuomba, mama."

"Sauti isiyo na mwenyewe ni nyumba iliyoachwa wazi. Mlidhani itakosa mpangaji? Jini halina koo lake, mwanangu. Huazima." Alivuta kiti mbele ya kipaza sauti. "Kiwasheni kilio hicho. Nataka liniite mimi."

Chujio na Mkasi wakajaza vipande vya sponji masikioni. Havikusaidia kitu. Sauti ya Chiriku ilitoka kwenye spika ikiwa na unyevu wa mdomo wake, na ule mkwaruzo mdogo wa kifua mwishoni, na harufu ya pipi ikajaa chumba mpaka macho yakawasha.

"Mama. Uko wapi? Nifungulie."

Mama akaanza kulia. Mdomo wake ukafunguka, mikono yake ikainuka kana kwamba kuna mtu wa kupokelewa, na Chujio akajua kuwa hatawahi kumfikia kwa wakati, kwamba neno liko tayari kwenye ulimi wa yule mama, neno ambalo mzazi yeyote angelitoa, na sauti nayo ikajua, ikasogea, ikarudia kwa utamu zaidi, mama, mama, taa ikianza kufifia na sponji za ukutani zikituna na kunywea kama mbavu. Ghafla uso wa mama ukakauka.

"Mwanangu hakuniita mama hata siku moja," alisema. "Nilimzaa nikiwa mimi mwenyewe bado mtoto, akalelewa na bibi yake, akaniita dada mpaka anakata roho mikononi mwangu. Wewe ni nani?"

Spika zikanyamaza.

"Nimekuuliza. Wewe ni nani, unayevaa mtoto wangu kama nguo? Mwache. Toka."

Kitu kilicheka, lakini si kwa sauti ya Chiriku, wala ya mtu, na kicheko hicho kilizunguka kuta, kikapita nyuma ya shingo ya Chujio kikiwa na joto la chungu kilichofunuliwa, kikatafuta mlango, kikaupata. Kwenye skrini mstari ukalala bapa. Mkasi alifuta. Walisubiri, wakageuka, wakatazama tena. Hakikurudi.

"Ndicho hicho tu? Hakuna nakala nyingine?" mama akauliza.

"Ndicho hicho tu," Mkasi akajibu.

Alasiri marudio yalirushwa yakiwa na kilio cha yule dada mpya. Chujio alikuwa kwenye kiti chake, na maoni yakaanza.

*Sauti imerudi! Nimeimba bafuni mpaka jirani kagonga ukuta.*

*Mke wangu amenifokea. Sijawahi kufurahi hivi kufokewa.*

*Lakini jamani mmeharibu kile kilio. Huyu analia kama mbuzi. Rudisheni cha mwanzo!*

Hilo la mwisho lilipendwa kuliko yote. Chujio alilifuta.

Alimpigia Kitinda simu, haikupokelewa. Badala yake ukaja ujumbe: *Njoo nyumbani.*

Jua lilikuwa linazama alipofika. Kitinda alimfungulia, akafunga kwa komeo, akasimama na simu mkononi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alifungua mdomo, ukabaki wazi na mtupu. Kisha akaandika, akamwonyesha.

*Jana niliangalia kwa jirani, kwao umeme ulikuwepo. Nilirekodi kile kilio. Nilirudi kulala nacho sikioni. Alikuwa mama, dada. Niliitika.*

Ndani ya nyumba palikuwa na harufu ya pipi za kifua.

Chujio alimpokonya simu, akakipata kile kipande, akakifuta. Kilifutika mara moja, bila ubishi, kama chumba ambacho mpangaji ameshahama. Alikuwa bado anakitazama kioo cheusi wakati viatu vya shule vilipoburuzwa nje, vikapanda ngazi, vikasimama.

"Dada, fungua bwana, miguu inaniuma."

Ile *bwana* ilivutwa kama mpira. Jibu la kila siku lilipanda lenyewe, *nakuja, malkia*, likafika kwenye meno, na mikono yote miwili ya Kitinda ikamfunika mdomo, baridi. Walisimama hivyo gizani. Chujio alisikiliza kwa makini yake yote, akitafuta kosa kama lile alilolipata mama yake Chiriku: neno moja la kigeni, pumzi moja isiyo mahali pake. Hakulipata. Safari hii jini lilikuwa limejifunza.

"Dada," ikaita tena, taratibu, kwa uchovu wa mtoto aliyeshinda njaa. "Ni mimi. Kitinda, mwambie anifungulie. Si unanitaka nirudi kooni mwako?"

Chujio alihisi mkono mmoja ukilegea juu ya midomo yake. Kitinda alikuwa anaukodolea macho mlango ambako sauti yake ilikuwa inalia, na mkono ule uliolegea ulishuka, ukanyooka, ukaanza kulitafuta komeo.