Kibodi ya Marehemu Mke Wangu

Nina umri wa miaka arobaini na saba. Ni fundi bomba, naishi Mkuza, Kibaha. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mnisamehe nikikosea kupanga maneno. Mke wangu Mwajuma amefariki mwaka huu, na haya ninayowaandikia, hapa mtaani kwetu hakuna anayeyajua...

Mwajuma alikuwa mchapaji. Alikuwa na kibanda cha steshenari, kompyuta moja na printa moja. Alichapa barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, risala za harusi. Jioni aliloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi. Vidole vilimuuma mpaka kushika mwiko ilikuwa shida.

Mteja mmoja alimwambia zipo kibodi za bei kubwa, vibonyezo vyake ni laini, hazichoshi mikono. Mwajuma akaanza kuweka akiba. Miezi saba! Pesa ilipotimia alinikabidhi mimi, kwa sababu nilikuwa nakwenda Kariakoo kununua vifaa vya kazi.

"Baba Asha, uliza vizuri, wasikuuzie feki," aliniambia.

Ndugu zangu, nilifika dukani, nikasikia bei... nikacheka. Pesa yote ile kwa ubao wa vibonyezo? Muuzaji aliona ninavyosita. Akatoa nyingine ya bei ya chini kabisa, imefanana na ile kama pacha.

"Bosi wangu, chukua hii. Kwani kidole kinajua bei?"

Tukacheka wote wawili. Akanipa na boksi tupu la ile ya bei ghali. Pesa iliyobaki nilijinunulia simu. Nyumbani nikasema simu nimepewa na mteja aliyefurahia kazi yangu.

Alivyofurahi, jamani! Kibodi aliifunika kwa kipande cha khanga, na kila aliyeingia alionyeshwa. "Mume wangu kazunguka Kariakoo nzima kunitafutia hii." Pesa ilikuwa yake, lakini sifa alinipa mimi. Nami nilisimama pale natabasamu... Ningesema nini? Leo nitasema, kesho nitasema, na kila siku iliyopita ilizidi kunifunga.

Beseni la maji ya chumvi halikuondoka. Nilipomuuliza alijibu kwamba ni mazoea tu, mikono ina nafuu. Nikaamini, kwa sababu kuamini kulinifaa.

Kisha asubuhi moja akaumwa kichwa akiwa kibandani. Mimi nilikuwa Ruvu, ndani ya shimo, naunga bomba. Simu ikaita. Simu ileile! Nilipofika hospitali alikuwa ameshaondoka. Presha, walisema. Sisemi kibodi ndiyo iliyomuua. Lakini niliposhika mikono yake iliyopoa, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa dua. Kilikuwa kicheko changu na yule muuzaji...

Tulimzika kwao Kisarawe. Baada ya hitma ya arobaini wazee walikaa kugawa vitu vyake. Mdogo wake Tatu, ambaye naye ni mchapaji hukohuko Kisarawe, aliambiwa achague: cherehani au kibodi. Akachagua kibodi.

"We Tatu una wazimu?" shangazi yao alimcheka. "Unaacha cherehani, unachukua hivyo vijino?"

"Vijino vya bei hivyo, shangazi. Kanunua shemeji mwenyewe, muulize."

Tatu akafungua boksi. Hapo ndipo nilipoona. Herufi A, N, I na K zilikuwa zimefutika kabisa, na Mwajuma alikuwa amezichora upya kwa rangi nyeupe ya kucha! Miezi yote ile sikuwahi hata kuinama nikaitazama kibodi ya mke wangu.

"Shemeji," Tatu aliniuliza mbele ya wazee, "kumbe hata za bei zinafutika?"

Watu wote wakanigeukia. Mlango ulikuwa wazi, neno moja tu lingenitoa... Nikasema, "Dada yako alichapa sana."

Binamu yao akabeba cherehani, akaenda zake.

Zikapita wiki mbili. Nikapanda gari la Kisarawe, nikamkuta Tatu kazini kwake. Nikamweleza yote, na simu nikaiweka mezani. Hakulia.

"Nilijua, shemeji. Na dada alijua. Haukuisha hata mwezi herufi zikaanza kutoka. Nikamwambia akuulize. Akasema, 'Mwache. Nikimuuliza atanidanganya tena, na sitaki kumsikia.' Ile rangi alipaka ili wateja wasikucheke."

"Sasa kwa nini uliacha cherehani?"

"Kushona kwenyewe sijui. Nilitaka nikusikie utasema nini mbele ya watu. Nikakusikia." Akanisukumia boksi na simu juu yake. "Chukua vitu vyako."

Kibodi iko hapa mezani ninapoandika. Kuiuza siwezi, nitakuwa namdanganya mtu mwingine. Kuitupa siwezi, mkono wa Mwajuma uko juu yake. K yake imepinda kidogo. Binti yangu Asha anasema tumpe mtu anayejifunza kuchapa. Namwambia ngoja. Ngoja nini? Sijui...

Wasomaji wenzangu, nasikia watu wakibishana kama kibodi za bei kubwa zina thamani ya pesa yake. Siwezi kuwajibu. Sijawahi kununua! Aliyejua mikono inahitaji nini ni mwenye mikono, na mimi nilimcheka. Mkeo akikupa pesa yake ukamnunulie kitu, nunua kitu hicho. Na kama umeshamdanganya, rudi ukaseme leo, wakati bado anaweza kukugombeza. Hamjui ninavyotamani kugombezwa...

Kidole kinajua bei. Cha mke wangu kilijua tangu mwezi wa kwanza, kikaendelea kuchapa.