Tezi Iliyoshika Bluu

— Njoo hapa! Hii rangi chooni ni ya nini?

Msusi alikuja akijishikiza ukutani, mgongo umepinda. Alikuwa amesahau kumwaga maji. Mkojo wake ulikuwa wa kijani kibluu, kama maji yaliyofuliwa kanga mpya.

— Ni dawa tu, mume wangu.

— Dawa gani? Siku mbili eti uko kwa dada yako, unarudi hujiwezi!

Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, aliziba mlango kwa mabega yake.

— Umetoa mimba yangu?

Msusi alicheka, kicheko kikamchoma kwenye nyuzi za mshono tumboni.

— Ningekuwa na mimba ya kutoa, ningejiona nina bahati.

— Usinizungushe!

— Nina saratani ya mlango wa kizazi. Haya, umeridhika?

Fundi alitoka mlangoni, akamsogelea.

— Wamenidunga rangi huko chini. Inafuata njia ambayo ugonjwa ungepitia. Tezi ya kwanza kushika bluu ndiyo wanayoitoa wakaipime. Ikiwa safi, wanatoa kizazi, napona. Ikiwa imeguswa, ugonjwa umeshatoka kizazini, unatembea. Hapo hakuna wa kuniahidi kitu.

— Tezi? Kama mitoki ya kinenani?

— Hizo hizo, ila hizi ziko ndani, kwenye nyonga.

— Na mimi ningeambiwa lini? Kwenye tangazo la msiba?

— Ulimwambia mama yako kwenye simu, mimi niko jikoni: “Asiposhika mimba mwaka huu, naoa.” Nikwambie nini tena, bwana?

Fundi aliketi juu ya ndoo.

— Nilikuwa namnyamazisha tu Mama.

— Ulimnyamazisha yeye, ukaninyamazisha na mimi.

Wiki iliyofuata ujumbe wa hospitali uliingia: “Majibu yametoka. Njoo kesho asubuhi, usije peke yako.”

Msusi alimpa mumewe simu asome.

— Wanataka mtu wa kunidaka nikianguka.

— Nipo.

Daktari, mama wa makamo, hakuzungusha maneno.

— Tezi mbili zilishika rangi. Moja ni safi. Ya pili ina saratani. Kizazi hatutakitoa, mwanangu, maana ugonjwa umeshakivuka. Tunaanza mionzi, ambayo itafunga uzazi, pamoja na dawa za dripu.

— Na nywele, daktari? Msusi mwenye kipara nani atampa kichwa chake?

— Nywele huenda zikabaki.

— Na mimi?

Daktari alimshika mkono.

Nje, kwenye benchi la korido, simu ya fundi iliita. Alikuwa mama yake. Fundi alipokea pale pale, mkewe akisikia kila neno.

— Mama, mjukuu kwangu usisubiri tena.

— Kwani kuna nini? Basi si uoe mwingine, baba?

— Nina mke, Mama. Niombee asiniache.