Chiriku na Sindano ya Mama

Kila akirudi kutoka shuleni, Chiriku alimsaidia mama yake kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye sare za shule alizoshona. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu, kama ndege huyo, mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini siku hiyo hapakuwa na nyuzi za kukata. Tangu asubuhi cherehani ilikuwa inaruka mishono.

Mama alikuwa ameitia mafuta, amelegeza uzi, ameukaza, na bado mashati yalitoka na mapengo utadhani yameshonwa na panya. Mwalimu mkuu alishasema kwamba sare zisipokuwa tayari kesho, kazi yote atampa fundi mwingine. Mama aliigombeza cherehani, akamgombeza hata paka aliyekuwa akipita zake.

Chiriku aliingia chumbani akapiga magoti. Aliomba, akarudia, akaongeza sauti. Kila alipotua kuvuta pumzi, wazo moja lilimjia, naye akalifukuza kwa maneno mengine. Mwishowe alichoka, akatoka na hasira kumwambia bibi yake kwamba Mungu hasikii.

Bibi alikuwa akifumua mishono mibovu kwa wembe.

"Akujibu saa ngapi, mjukuu wangu, na wewe hujanyamaza? Kaa hapa."

Chiriku akakaa, amenuna. Wazo likarudi, na sasa hakuwa na maneno ya kulifukuzia. Jana, mama alipokwenda sokoni, Chiriku alimshonea mwanasesere wake gauni kwa cherehani ile, akavunja sindano. Alitia nyingine harakaharaka asije akakutwa. Kuomba kulikuwa rahisi kuliko kusema.

"Mama, sindano niliibadilisha mimi. Yako niliivunja."

Mama aliinama kutazama. Upande bapa wa sindano, unaotakiwa kuelekea ndani, ulikuwa umegeukia nje.

"Kumbe siku nzima naigombeza mashine isiyo na kosa," alisema, bila kucheka.

Aliigeuza sindano, akakanyaga pedali, na mshono ukatoka umenyooka. Chiriku akaadhibiwa kukata nyuzi za sare zote peke yake, na cherehani asiiguse mpaka aruhusiwe.

Walipokunja shati la mwisho, bibi alimvuta karibu. "Kumtumaini Mungu wakati wa shida si kumpigia kelele tu. Ukishaomba, tulia umsikilize. Na akikuonyesha la kufanya, lifanye, hata kama linakuaibisha."

Chiriku alifungua mdomo ajibu, kisha akaufunga.