Swichi Iliyogeuzwa Kila Alasiri

Mjomba wangu Abdunoor ametengeneza swichi za magari mjini Arua kwa miaka thelathini na moja. Si mtu wa maneno mengi, wala si mtu wa kuogopa. Kisa hiki alimsimulia mama yangu mara moja tu, mimi nikiwa pembeni nasonga ugali wa mihogo. Hajakirudia tena.

Ilikuwa Jumanne, mwaka juzi. Mwalimu mmoja wa Koboko aitwaye Zuhurah alimpigia simu. Baba yake, sajini wa jeshi, aliacha gari la Kijerumani la mwaka sabini na nne. Tangu vita vya mwaka themanini lilikuwa limefungiwa bandani nyuma ya nyumba. Waporaji wa wakati ule walibeba mpaka mabati ya choo, lakini gari wakaliacha. Sasa fundi wa Koboko alikuwa amefufua injini na kuweka betri mpya. Kilichobaki ni ufunguo kukataa kugeuka.

"Mama iko mgonjwa wa moyo, fundi," Zuhurah alisema kwenye simu. "Daktari alisema siku zake si nyingi. Anataka kukaa ndani ya hii gari, itembee kidogo tu. Hata mpaka barabarani."

Mjomba alifika saa nane mchana. Gari lilikuwa jeusi, limeinuliwa juu ya matofali, viti vya ngozi vimepasuka. Hajati Kadijah, mama yake Zuhurah, alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani. Alimsalimia vizuri, kisha akageuza uso asilione banda.

Zuhurah alimpa ufunguo. Ule wa asili ulipotea zamani, alisema. Huu ulichongwa kwa kufuata namba iliyokuwa kwenye karatasi za gari.

Mjomba alianza kama anavyoanza siku zote. Alitoa waya wa betri na kuulaza chini. Akapuliza vumbi kwenye tundu la ufunguo, akanyunyiza unga wa risasi ya penseli. Ufunguo uliingia bila shida, lakini ulipofika robo ya mzunguko ukagota. Mara nyingi ugonjwa huo unatoka kwenye chuma kinachofunga usukani: kikibana, swichi haigeuki. Dawa yake ni kutikisa usukani kushoto na kulia huku unageuza ufunguo polepole.

Akautikisa kushoto.

Usukani ukarudi kulia wenyewe. Haukurudi kwa kasi. Ulirudi kwa nguvu ya mtu anayetaka umwachie.

Mjomba akajiambia ni spring. Akachukua drili ndogo, akatoboa pini inayoishikilia silinda, yaani kile kipande cha mviringo unamoingia ufunguo. Silinda ikatoka mkononi mwake. Akaipeleka kwenye mwanga wa mlango na kuifungua.

Ndani ya silinda mna visahani vidogo vya shaba, na kila kimoja hukaa sawa na jino lake la ufunguo. Kwa gari lililolala zaidi ya miaka arobaini, alitegemea kuvikuta vyeusi na kutu. Vilikuwa vinang'aa. Vimelika upande mmoja, na unga wa shaba ulikuwa bado laini juu ya kidole chake. Tena havikulika kwa ufunguo. Kitu bapa na butu ndicho kilichokuwa kikigeuzwa humo.

Alimwuliza Zuhurah ni nani anayechezea gari hili.

"Hakuna mutu," Zuhurah alijibu. "Kufuli ya banda ni mimi nabeba."

Ndipo Hajati akaita kutoka barazani. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni kijiko, fundi. Mukono ya kijiko."

Zuhurah alishtuka. Mama yake hakuwa amewahi kulizungumza jambo lile. Usiku ule askari wa adui walipokaribia Koboko, alieleza, sajini alitaka wavuke mpaka wa nchi. Mama mzazi wa Hajati alikuwa hoi kitandani, hawezi kubebwa. Hajati akaficha ufunguo ili mumewe asiondoke.

"Alitafuta mpaka asubuhi. Akaingia ndani ya gari na kijiko. Mimi nilikuwa dirishani, ufunguo iko hapa kifuani. Nikasema, achoke, atarudi ndani ya nyumba." Akajishika kifuani. "Alasiri askari wakamtoa kwa kiti. Hakurudi. Lakini kila siku, adhana ya alasiri ikiisha, mimi nasikia. Tik. Tik."

Mjomba alirudi bandani kukusanya vyombo vyake. Aliunganisha silinda ile harakaharaka, akaishika kiganjani.

Adhana ya alasiri ikaanza msikitini. Ikaisha.

Silinda ikageuka.

Alikuwa ameifumbata, na haikuwa na ufunguo. Tik. Ikarudi. Tik. Kiti cha dereva kilibonyea mbele ya macho yake. Spring zikalia. Kisha pakawa kimya.

Alitaka kukimbia. Akageukia mlango.

Hajati akaingia, akiegemea mabati. Alifungua mlango wa kushoto, akaketi kwenye kiti cha abiria. Akatoa ufunguo kifuani, umefungwa kwa uzi mweusi.

"Rudisha swichi, fundi," alinong'ona.

"Mama, toka!" Zuhurah alilia mlangoni.

"Wacha mimi. Fundi, rudisha."

Mjomba aliingiza mkono dirishani upande wa dereva, akaisukuma silinda mahali pake. Hewa ya mle ilikuwa na joto, kama pumzi. Akautoa mkono.

Hajati alinyoosha ufunguo kuelekea kiti kitupu.

"Naleta. Nisamehe."

Mjomba anaapa hakupepesa jicho. Ufunguo ulikuwa vidoleni mwa Hajati. Kisha ulikuwa kwenye swichi. Ukageuka, laini kabisa.

Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi.

Waya wa betri ulikuwa bado chini, miguuni pa Mjomba.

Injini haikuunguruma. Taa ilikaa kidogo, ikafifia, ikazima. Hajati alikuwa ameinamisha kichwa upande wa dereva, macho yamefumba. Zuhurah alimwita mara tatu. Hakuitika.

Walimzika kesho yake huko Lurujo, kwa watu wake. Kabla ya mazishi, jirani aitwaye Fatumah ndiye aliyemwosha. Baadaye alimwita Zuhurah kando, akamwuliza ni nani aliyemkumbatia marehemu. Juu ya bega la kushoto palikuwa na alama za vidole vinne vya mwanamume, vya grisi nyeusi.

Fatumah alisugua kwa sabuni, akasugua kwa majivu. Zikabaki vilevile. Wakamvisha sanda juu ya alama hizo.